Karatasi Isiyo Karatasi: Plastiki, Makombo na Lugha katika Mabwalo ya Vyuo Vikuu vya Meru na Embu

Makala haya yananuia kueleza jinsi taka za plastiki na za chakula zinavyozalishwa katika mabwalo na vibanda vya vyuo vikuu vya Meru na Embu, zinakoishia, na namna zinavyoweza kupunguzwa bila kuwaumiza wanaotupikia. Huenda msomaji akashangaa kuiona mada hii katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili badala ya jarida la wanasayansi wa mazingira. Ajabu hiyo itapungua tutakapofika kwenye suala la majina ya vitu hivi, kwa maana sehemu kubwa ya tatizo, kwa maoni yetu, imejificha ndani ya maneno tunayoyatumia kila siku dukani na jikoni. Wanasayansi wamepima, wamechanganua na wameandika. Kilichobaki ni mpishi, muuza chipsi na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuelewana kuhusu kitu gani kiingie katika pipa gani, na maelewano ya aina hiyo ni kazi ya lugha.

Vyuo vipya, taka mpya

Ikumbukwe kwamba elimu ya chuo kikuu katika eneo hili ni jambo la juzi. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kilianzishwa mjini Meru mwaka 1997. Chuka ilianza kama chuo kishiriki cha Egerton mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kikaanza kule Nchiru mwaka 2008 chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Embu ilifuata mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, katika ardhi iliyokuwa ya chuo cha kuwafunza maafisa wa kilimo. Vyote hivi sasa ni vyuo vikuu kamili, na cha mwisho kupata hati yake kilikuwa Embu mwaka 2016. Kwa hivyo, katika kipindi kisichofika miaka ishirini, maelfu ya vijana walihamia sehemu ambazo awali zilijulikana kwa kahawa, migomba, mahindi na miraa. Vijana hao hawakuja na shamba wala jiko. Walikuja na njaa, na pesa kidogo mfukoni.

Palipo na vijana wenye njaa na haraka, vibanda huchipuka. Chai ya asubuhi huuzwa katika kikombe cha plastiki ili mwanafunzi akaimalizie ukumbini. Mandazi na chapati hufungwa. Adhuhuri, bwalo (ambalo wanafunzi wengi huliita mesi) hutoa wali na madondo kwa sahani, lakini anayetaka kula chumbani hupewa kisanduku cheupe cha povu la plastiki na kijiko kisichofaa kuoshwa. Jioni ni zamu ya chipsi. Soda na maji huja katika chupa, na sharubati huja na mrija. Kila kimoja cha vyombo hivi kinatumika kwa dakika kumi au ishirini, kisha kinaanza maisha mengine marefu kuliko ya mtumiaji wake.

Tuchukue hesabu ya makadirio tu. Wanafunzi elfu moja, kila mmoja akitupa kikombe kimoja kwa siku, siku tano kwa wiki, katika muhula wa wiki kumi na nne, watakuwa wametupa vikombe 70,000. Tukisema kila kikombe kina uzito wa gramu tatu, jumla ni kilo 210, mzigo ambao pikapu moja ingeubeba bila kuhema. Hapo ndipo panapotatiza. Plastiki ni nyepesi mno lakini ina nafasi kubwa, na kwa hivyo lori la taka hujaa upesi kabla halijabeba uzito wa maana. Anayelipa mafuta ya lori haoni faida ya kubeba hewa iliyofungwa ndani ya vikombe. Ndiyo maana, mahali pengi, njia rahisi huwa ni shimo nyuma ya jiko pamoja na kiberiti. Moshi unaotokana na plastiki inayoungua kwa moto mdogo wa shimoni hubeba masizi na kemikali za sumu, na anayeuvuta kwanza ni mpishi aliyesimama hatua chache kutoka hapo.

Baadhi ya wauzaji wamehamia vikombe vya karatasi wakiamini wamelitatua tatizo. Waama, si hivyo. Karatasi tupu haiwezi kushika chai ya moto, hivyo kikombe hicho hupakwa ndani utando mwembamba wa plastiki. Utando huo unakifanya kisioze kama karatasi wala kisirejelezwe kwa urahisi kama plastiki.

Sheria inasema nini

Kenya haina upungufu wa sheria. Majaribio ya mwaka 2007 na 2011, yaliyolenga mifuko myembamba pekee, hayakufua dafu. Tarehe 28 Februari 2017 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, Prof. Judi Wakhungu, alichapisha katika gazeti rasmi la serikali marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungashia bidhaa, nayo ikaanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huo. Adhabu ni faini ya kati ya shilingi 2,000,000 na 4,000,000, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006 na Rwanda mwaka 2008. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019.

Marufuku ya pili haijulikani sana vyuoni. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika mbuga za taifa, misitu na fuo zinazolindwa, zikiwemo Mbuga ya Meru na ile ya Mlima Kenya. Mwanafunzi wa Nchiru akienda ziara ya masomo katika Mbuga ya Meru, chupa yake ya maji huachwa langoni. Akirudi chuoni jioni, yuko huru kununua nyingine tatu. Twiga amepewa ulinzi ambao ng'ombe wa jirani wa chuo hana, ingawa ng'ombe huyo ndiye anayechokora jaa la chuo na kumeza kila kinachonuka chumvi.

Fauka ya hayo, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zote, za umma na za kibinafsi, kutenganisha taka zinazooza na zisizooza pale pale zinapozalishwa. Bwalo la chuo kikuu ni mahali ambapo sheria hiyo inaweza kutekelezwa au kupuuzwa mara tatu kwa siku.

Majina na mapipa

Tufikie sasa jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Kenya, mfuko wa plastiki kwa miaka mingi umeitwa karatasi. Mteja akimwambia muuza duka "niwekee kwa karatasi," hakumaanisha karatasi inayotengenezwa kwa miti. Alimaanisha mfuko wa plastiki. Asili ya matumizi hayo ni Kiingereza cha mitaani, ambacho nacho kililibakiza jina la mfuko wa karatasi hata baada ya karatasi yenyewe kuondoka na plastiki kuchukua nafasi yake. Vitabu vya shule vikaleta neno juala. Wengine husema nailoni, ingawa nailoni kwa hakika ni kitu kingine, kile kinachofumwa kuwa soksi na kamba. Ng'ambo ya mpaka, Watanzania waliuita mfuko huo rambo, kwa kuwa ulichapishwa picha ya mhusika wa filamu ya Kimarekani, na Waganda wakauita kaveera. Mfuko huo mmoja umepewa majina mengi kuliko watoto wa mfalme.

Kwa mwanaisimu, huu ni mfano mzuri wa upanuzi wa maana, na mwalimu wa semantiki angeweza kuutumia kwa kipindi kizima. Kwa mfagiaji wa bwalo, ni mtego. Chukua pipa lililoandikwa KARATASI, kama yanavyoandikwa mapipa katika taasisi nyingi zinazojaribu kutenganisha taka. Mpishi aliyelelewa akiuita mfuko wa plastiki karatasi ataitia plastiki humo bila wasiwasi, naye atakuwa ametii maandishi. Anayekuja kuchukua karatasi za kurejeleza atakuta mchanganyiko, atalikataa pipa zima, na yote yataishia shimoni. Kisha utasikia ikisemwa kwamba wafanyakazi wetu hawana nidhamu ya usafi. Kosa hapo ni la aliyechagua neno bila kuuliza lina maana gani kwa msomaji wake.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, kwa kuwa una fedha ndani yake. Ni kitenzi kuoza. Tarehe 8 Aprili 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa ilani kwamba mifuko ya plastiki isitumiwe tena kubebea taka za jikoni na taka nyingine zinazooza, na kwamba mahali pake pachukuliwe na mifuko inayooza yenyewe kwa asilimia mia moja. Kaunti, taasisi na watu binafsi walipewa siku 90. Tangu hapo, maana ya neno "inayooza" imekuwa suala la kisheria. Muuzaji yeyote anaweza kumwendea afisa wa ununuzi wa chuo akiwa na mifuko ya bei ghali kidogo na kusema kwamba yake inaoza. Je, inaoza?

Ziko aina tatu za bidhaa zinazojificha nyuma ya neno hili moja. Ya kwanza ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali inayoifanya ipasuke upesi ikipigwa na jua na hewa. Hii haiozi. Inasagika kuwa chembechembe ndogo ambazo huwezi kuziokota, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia mwaka 2021 kwa sababu hiyo. Ya pili ni plastiki inayotokana na wanga wa mimea kama mahindi au miwa. Hii huliwa na viini, lakini mara nyingi huhitaji mtambo maalumu wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Ukiizika katika rundo la mboji lililopoa huko Kangaru, utaikuta baadaye bado ina sura yake. Ya tatu ni vitu vilivyooza tangu dunia iumbwe, kama vile jani la mgomba, karatasi tupu, katani na maganda ya mboga.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuyatenganisha mambo haya: kuoza, kusagika, kuchakaa, kupasuka, kumumunyuka. Tatizo ni kwamba waliotafsiri lebo na matangazo walichukua kitenzi cha kwanza kilichowajia na kukitandaza juu ya vyote. Pendekezo letu ni kwamba kuoza kuhifadhiwe kwa kitu ambacho mkulima wa kawaida akikizika shambani msimu wa mvua atakikosa msimu unaofuata. Bidhaa ya aina ya pili iitwe "inayooza mtamboni," na ile ya kwanza iitwe plastiki inayosagika, bila kupewa sifa isiyo yake. Ikiwa idara za Kiswahili hazitaweka istilahi hizi, wauza mifuko wataziweka, na wao wana sababu zao.

Makombo

Taka za chakula ni kisa tofauti, japo zinakutana na plastiki ndani ya pipa lile lile. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024, dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, takriban asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Majumbani kulitoka asilimia 60 ya kiasi hicho, na migahawa, mabwalo na watoa huduma wengine wa chakula walichangia asilimia 28. Makao makuu ya shirika hilo yako Gigiri, Nairobi, mwendo wa nusu siku kwa matatu kutoka Meru.

Inafaa kutazama hazina ya Kiswahili kuhusu chakula kinachobaki. Kuna makombo, yaliyosalia sahanini. Kuna kiporo, au mwiku, chakula cha jana kinacholiwa asubuhi. Kuna ukoko, au matandu, ule wali ulioshikana chini ya sufuria ambao watoto huugombania. Hakuna hata moja kati ya majina haya linalomaanisha taka. Kila jina linaonyesha chakula kile kitaliwa lini na nani. Hata tendo la kutupa chakula bure lina jina zito la lawama, israfu, ambalo Waswahili wa pwani bado wanalitamka kwa uso uliokunjwa. Marehemu Prof. Wangari Maathai alipozuru Japani mwaka 2005 alivutiwa sana na neno la Kijapani la kusikitikia upotevu, akalibeba ulimwenguni kote kama kauli ya kampeni yake. Tunamheshimu kwa hilo, ingawa nyumbani tulikuwa na neno letu.

Huku bara, githeri, ambayo Wameru wengi huiita muthere, ni chakula kilichokusudiwa kubaki. Hupikwa kwa wingi, na kesho yake hukaangwa kwa kitunguu na kuwa tamu kuliko jana. Bwalo la chuo haliwezi kuiga jambo hilo kikamilifu, maana chakula kilicholala bila jokofu ni hatari kwa watu mia tano. Hata hivyo, linaweza kujifunza kitu: taka za chakula si aina moja, na kila aina ina dawa yake.

Njia nzuri ya kuanza ni ndoo tatu na mizani. Ndoo ya kwanza ipokee maganda ya viazi, mabua ya sukuma wiki na mengineyo ya matayarisho. Ya pili ipokee chakula kilichopikwa kisinunuliwe. Ya tatu ipokee kinachobaki sahanini. Zipimwe kila jioni kwa wiki moja na kilo ziandikwe daftarini. Ikiwa ndoo ya kwanza ndiyo nzito, hakuna anayelaumika. Hayo ni maganda, na kazi yake ni kuwa mboji. Ikiwa ya pili ndiyo nzito, bwalo linapika bila kujua idadi ya walaji, na dawa yake ni hesabu bora: kuangalia ratiba ya masomo, siku za mitihani na wikendi ambazo wanafunzi husafiri. Ikiwa ya tatu ndiyo nzito, kipimo cha chakula ni kikubwa kuliko tumbo, au chakula chenyewe hakiliki. Hapo meneja auze nusu sahani kwa nusu bei, tena bila kumkunjia uso anayeiomba. Wanafunzi wengi hununua sahani nzima kwa sababu nusu haiuzwi.

Tahadhari moja kuhusu upimaji. Wiki itakayochaguliwa isiwe ile ambayo mikopo ya HELB imeingia katika akaunti za wanafunzi. Wiki hiyo sahani hurudi na nyama, na takwimu zitadanganya. Ipimwe wiki hiyo ikiwa lazima, lakini ipimwe pia wiki ya kumi au ya kumi na moja, wakati hata ukoko una wateja.

Maganda na makombo yakitupwa katika shimo lenye kina, yakafunikwa na taka nyingine, huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani. Kwa kipindi cha miaka mia moja, kilo moja ya gesi hiyo hulipasha joto anga zaidi ya mara 25 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Yakirundikwa juu ya ardhi, yakachanganywa na majani makavu, mabua ya mahindi na nyasi za viwanja vya chuo, kisha yakapinduliwa kila baada ya wiki moja au mbili, hewa huingia, rundo hupata joto linaloua mbegu za magugu, na baada ya miezi mitatu hivi kunapatikana mboji. Siri ni kuzidisha vikavu kuliko vibichi. Rundo linalonuka limekosa vikavu. Eneo hili lina wakulima wa kahawa, chai na ndizi hadi mlangoni pa chuo, na mboji haiwezi kukosa mnunuzi. Lakini hawatainunua ikiwa imejaa vipande vya mifuko. Hapo ndipo makosa ya pipa moja yanapoliharibu lingine.

Wako pia wafugaji wanaochukua makombo ya taasisi kwa ajili ya nguruwe. Huu ni mpango mzuri ukifanywa kwa uangalifu. Makombo yenye nyama lazima yachemshwe kwanza, kwa sababu homa ya nguruwe ya Afrika huenezwa na mabaki ya nyama ya nguruwe yasiyopikwa vizuri, nayo haina tiba. Ugonjwa huo ukiingia kijijini, mfugaji mdogo hupoteza kila kitu kwa wiki moja. Aidha, kijiko cha plastiki kilichovunjika ndani ya makombo kinaweza kumtoboa mnyama matumbo.

Safari ya chupa

Wanafunzi wengi hudhani kwamba taka ya Meru hubaki Meru. Mito yetu haiafiki. Maji ya Mto Rupingazi, unaopita kando ya mji wa Embu, huishia katika Mto Thiba, na Thiba humwaga maji yake katika bwawa la Kamburu, mojawapo ya mabwawa matano ya umeme katika Mto Tana yaliyojengwa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Chupa ya Embu, kwa hiyo, ina nafasi nzuri ya kukwama bwawani. Mto Kathita, unaoupitia mji wa Meru na kuteremka Tharaka, hujiunga na Tana chini ya mabwawa hayo yote. Chupa ya Meru yenye kifuniko, inayoelea, haina bwawa la kuizuia hadi Kipini, Tana inapoingia katika Bahari ya Hindi.

Kaskazini kidogo ya Kipini ni Lamu, na ni huko Lamu ambako mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki zilizookotwa, takriban tani 10, na kulipamba kwa ndara kuukuu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 jahazi hilo lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Watu wa Lamu wameunda chombo kutokana na uchafu wa watu wa juu. Wametufundisha ustadi, lakini hatuwezi kuendelea kuwapelekea malighafi ambayo hawakuiagiza. Ikumbukwe pia kwamba urejelezaji una mipaka yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya tani bilioni 6.3 za taka za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka 2015, asilimia 9 pekee ndizo zilizorejelezwa. Mataifa nayo yameshindwa kukubaliana. Mazungumzo ya mkataba wa kimataifa wa plastiki yaliyofanyika Geneva mwezi Agosti 2025 yalimalizika bila maafikiano. Anayengoja mkataba huo ndipo aoshe kikombe atangoja sana.

Nani alipe

Ni rahisi kwa uongozi wa chuo kuandika barua: kuanzia Jumatatu, plastiki marufuku. Barua hiyo humfikia nani kwanza? Humfikia mama anayeuza chai na chapati langoni, ambaye faida yake kwa kikombe haitoshi kununua kikombe cha aina nyingine. Askari wa lango humfukuza, na wanafunzi hula kwa bei ya juu mahali pengine. Kampuni iliyotengeneza kikombe haipati barua yoyote. Hatuungi mkono marufuku ya aina hiyo, hata ikiwa nia yake ni njema.

Mpango unaoelekea kufaulu ni wa amana. Chuo au chama cha wanafunzi kinunue vikombe vya bati au vya plastiki ngumu, mwanafunzi aweke amana ya shilingi hamsini, anywe chai, akirudisha kikombe arudishiwe pesa zake au apewe kingine safi. Muuzaji haongezewi gharama. Anaokoa pesa za kununua vikombe vya kutupwa. Lakini mpango huu una sharti lisiloepukika, nalo ni maji. Kikombe kinachotumiwa na watu wengi kinataka maji safi, sabuni, na ikiwezekana maji moto. Pasipo na mfereji karibu na vibanda, kikombe cha kurudishwa kinaweza kuleta kipindupindu, na hapo kikombe cha kutupwa kitarudi kwa kishindo, kama kilivyorudi wakati wa Korona mwaka 2020. Hivyo basi, pesa za kwanza zitumike kuvuta mfereji hadi kwenye vibanda. Mabango na fulana za kampeni zinaweza kungoja.

Kuna pia hekima ya ufungashaji ambayo eneo hili halikuisahau. Miraa ya Meru hufungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, husafirishwa usiku kucha, na hufika mbali ingali mbichi. Hiyo ni bidhaa ya thamani kubwa inayotegemea jani ambalo halina kiwanda. Sisemi kwamba chipsi zifungwe katika jani la mgomba, ingawa sioni ubaya. Ninachosema ni kwamba mandazi, ndizi za kuchoma, viazi vitamu na mahindi havikuwa na haja ya plastiki hapo awali na havijapata haja hiyo leo.

Vyama vya wanafunzi navyo vijitazame. Makongamano ya Kiswahili, pamoja na ufasaha wake wote, hupangwa meza kuu yenye safu ya chupa ndogo za maji, nyingi zikiachwa nusu. Mtungi mmoja na bilauri kumi zingetosha. Hili halihitaji bajeti wala kibali cha seneti, na lingeweza kuanza katika mkutano ujao wa chama chochote kinachosoma jarida hili.

Kuhusu mapipa, tunapendekeza maandishi yafuatayo, yajaribiwe kwanza kwa wapishi na wafagiaji kumi kabla hayajachapishwa, na wakiyaelewa vingine yabadilishwe. Pipa la kwanza liandikwe MAGANDA NA MAKOMBO, HAPANA MIFUKO. Pipa la pili liandikwe CHUPA, VIKOMBE NA MIFUKO YA PLASTIKI. Pipa la tatu liandikwe MAGAZETI, MADAFTARI NA MABOKSI, na neno karatasi lisionekane popote. Chini ya kila maandishi pawe na picha, au afadhali zaidi kitu chenyewe kikiwa kimetundikwa kwa waya: ganda la ndizi litakalobadilishwa kila asubuhi, chupa tupu, na daftari lililojaa la mwanafunzi aliyehitimu.